Sura ya Sita: Wamepata au Wamepatikana?

Kila timu ndogo inapofuzu mashindano ya Afrika, swali hurudi lilelile. Utalisikia Kariakoo, utalisikia Musoma, na utalisikia Ruaruke wilayani Kibiti, kwenye kibanda umiza ambako watu hulipa kiingilio kidogo na kubanana mbele ya televisheni: hawa jamaa wamepata, au wamepatikana?

Huku kwenye delta ya Rufiji swali hilo lina mfano wa jirani. Namungo FC ni timu ya Ruangwa, mkoani Lindi. Basi lake likienda Dar es Salaam hushika barabara ya Kilwa, likavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, likapita Ikwiriri na Kibiti. Simba na Yanga ni timu za mjini. Namungo ni timu ya wilaya, ya watu wa korosho na ufuta, na siku moja ilijikuta kundi moja na Raja Casablanca ya Morocco.

Tuanze na fumbo. Msimu wa 2021/22 Biashara United ya Musoma ilicheza mechi tatu za Afrika, ikashinda zote tatu. Msimu huohuo ikashuka daraja. Msimu mmoja kabla ya hapo, Namungo ilicheza mechi sita za makundi, ikapoteza zote sita. Haikushuka, na hadi msimu wa 2025/26 bado ilikuwa Ligi Kuu. Aliyeshinda alizama na aliyefungwa akabaki. Sura hii inatafuta sababu.

Tiketi inapatikanaje?

Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lina mashindano mawili makuu ya klabu za wanaume. La juu ni Ligi ya Mabingwa. La pili ni Kombe la Shirikisho, na huko ndiko timu ndogo za Tanzania huangukia.

Idadi ya nafasi za nchi hutegemea pointi ambazo klabu zake zimekusanya Afrika kwa miaka mitano. Nchi 12 za juu hupata nafasi nne: mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Shirikisho. Zilizobaki hupata mbili tu, moja kwa kila shindano. Tanzania ilirudi kwenye kundi la nafasi nne kuanzia msimu wa 2021/22, na mchango mkubwa ulikuwa wa Simba. Kwa hiyo timu iliyoshika nafasi ya nne ikisafiri kwenda Afrika, sehemu ya nauli imelipwa na jasho la Simba na Yanga.

Namungo haikuingia kwa mlango huo. Mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na nafasi mbili tu. Simba ilichukua ligi, kisha ikaifunga Namungo 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, kombe la ndani ya nchi, iliyochezwa Sumbawanga, Agosti 2020. Simba ilikuwa tayari na tiketi yake ya Ligi ya Mabingwa, hivyo tiketi ya kombe ikamwangukia aliyefungwa. Yanga walioshika nafasi ya pili kwenye ligi na Azam walioshika ya tatu wakabaki nyumbani. Namungo, wa nne, katika msimu wao wa kwanza wa Ligi Kuu, wakaenda Afrika.

Namungo: kupoteza bila kuzama

Njia yao ilikuwa ndefu. Waliivuka Al Rabita ya Sudan Kusini, wakaitoa Al Hilal Obeid ya Sudan kwa kushinda 2-0 nyumbani na kutoka sare ya 3-3 ugenini. Wakabakiwa na mtihani mmoja kabla ya makundi: 1º de Agosto ya Angola, klabu iliyotwaa ubingwa wa nchi yake mara nne mfululizo kuanzia 2016 na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2018.

Februari 2021 Namungo walitua Luanda. Ilikuwa kipindi cha korona. Mamlaka za huko zilisema baadhi ya watu wa msafara wana maambukizi, timu ikazuiwa, mechi haikuchezwa. CAF iliamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Namungo wakashinda ya kwanza 6-2, wakapoteza ya pili 3-1, wakapita kwa jumla ya mabao 7-5.

Kwenye makundi wakawakuta Raja, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Mechi sita, vipigo sita. Ukiangalia jedwali peke yake utasema ilikuwa aibu. Lakini wakati huo kila timu iliyoingia makundi ya Shirikisho ilikuwa na uhakika wa dola 275,000 hata ikishika mkia. Kwa thamani ya shilingi ya mwaka 2021 hizo ni zaidi ya milioni 600. Namungo waliipata tiketi ya makundi kabla ya kucheza na Raja, na vile vipigo sita havikuweza kuwanyang'anya fedha hizo.

Biashara: kushinda bila kupona

Biashara United walimaliza wa nne msimu wa 2020/21. Fainali ya kombe msimu huo ilikuwa ya Simba na Yanga, waliokwisha kufuzu kupitia ligi, kwa hiyo nafasi mbili za Shirikisho zikaenda kwa Azam na Biashara.

Mechi ya kwanza walishinda 1-0 ugenini dhidi ya Dikhil ya Djibouti. Nyumbani wakashinda 2-0. Kisha wakaja Al Ahli Tripoli ya Libya, na Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, Biashara wakawafunga 2-0. Msimu huo Al Ahli Tripoli hawakuwa timu ya kubeza. Baadaye walifika nusu fainali ya mashindano hayohayo.

Kilichobaki kilikuwa mechi ya marudiano Libya. Biashara hawakufika. Safari ilikwama, vibali vya ndege vikitajwa miongoni mwa sababu, na CAF ikawaondoa mashindanoni. Timu iliyokuwa inaongoza kwa mabao mawili ilitolewa na safari, na mpira haukupigwa. Mei na Juni 2022 msimu ulipokuwa unaisha, Biashara walikuwa wanashuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza.

Haikuwa mara ya kwanza kwa timu yetu kushindwa kusafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, hawakwenda Afrika Kusini kucheza marudiano na Santos ya Cape Town. CAF iliwaadhibu, na adhabu ile ikawasubiri. Mwaka 2018 walipotwaa Kombe la Shirikisho la Azam na kutaka kurudi Afrika, ilibidi kwanza walipe faini ya zamani.

*Kwa ufupi hadi hapa:*
- Matokeo ya uwanjani Afrika hayatabiri kitakachoipata timu nyumbani.
- Namungo walifika mahali penye fedha. Biashara walitolewa kabla ya kupafikia.
- Safari moja iliyokwama inaweza kufuta kazi ya msimu mzima.

Je, ni uchovu?

Jibu linalopendwa vibandani ni uchovu. Timu ndogo ina wachezaji wachache, inasafiri mbali, inarudi hoi, inakuta viporo vya ligi vinaisubiri. Kiporo ni mechi iliyoahirishwa na kupangiwa tarehe nyingine. Viporo vikirundikana, timu hujikuta inacheza mechi tatu ndani ya siku nane au tisa, na hapo kikosi chembamba huumia.

Maelezo haya yana ukweli kwa timu inayofika mbali. Tuyapime kwa timu zetu ndogo tano zilizowakilisha nchi kati ya 2020 na 2025:

- Namungo, 2020/21: walifika makundi. Walibaki Ligi Kuu.
- Biashara United, 2021/22: walicheza mechi tatu. Walishuka msimu huohuo.
- Geita Gold, 2022/23: walicheza mechi mbili na Hilal Alsahil ya Sudan, wakafungwa 1-0, wakashinda 2-1, wakatoka kwa bao la ugenini. Msimu huo walibaki. Walishuka msimu uliofuata, 2023/24.
- Singida Fountain Gate, 2023/24: waliitoa JKU ya Zanzibar, wakatolewa na Future ya Misri. Walicheza mechi nne. Walibaki.
- Coastal Union, 2024/25: walifungwa 3-0 na Bravos do Maquis ya Angola, wakatoka sare ya 0-0 nyumbani. Walibaki.

Ukiacha Namungo, hesabu mechi. Mbili, tatu, nne. Zote huchezwa Agosti hadi Oktoba, ligi ikiwa changa. Geita walicheza dakika 180 za Afrika mwezi Septemba 2022, wakashuka mwaka 2024. Hakuna misuli inayochoka kwa mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya mechi mbili.

Kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya kuilaumu Afrika. Biashara walishuka pamoja na Mbeya Kwanza, ambao hawakuwahi hata kukaribia mashindano ya Afrika. Geita walishuka pamoja na Mtibwa, ambao mara ya mwisho kucheza Afrika ilikuwa msimu wa 2018/19. Kila mwaka timu hushuka. Baadhi yao zitakuwa zimepita Afrika, na jicho letu huzikumbuka hizo kuliko nyingine.

Tena, timu ndogo inayomaliza nafasi ya nne mara nyingi imecheza juu ya kiwango chake cha kawaida. Mshambuliaji wake amefunga kila nafasi, kipa hajaumia, penalti zimeangukia upande wake. Mwaka unaofuata bahati hurudi katikati na timu nayo hurudi mahali pake. Ingeporomoka kidogo hata kama isingepanda ndege.

Ukiondoa uchovu na ukiondoa bahati, bado kuna mambo mawili ambayo tiketi ya Afrika huyaleta yenyewe. La kwanza ni bili. La pili ni soko la wachezaji.

Bili hufika kabla ya zawadi

Tuseme timu ya ndondo ya Ruaruke, timu ya mtaani isiyo kwenye ligi rasmi, imealikwa kwenye kombe kisiwani Mafia. Wachezaji na viongozi ni watu 25. Watahitaji gari hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni, mahali pa kulala, chakula cha siku kadhaa, na nauli ya kurudi. Zawadi ipo, nzuri tu, lakini inaanzia nusu fainali. Kamati haiwezi kumwambia mwenye boti, "Tuvushe, tutakulipa tukishinda." Itachangisha, itakopa dukani, au mmoja wao atauza mbuzi. Wakitolewa mechi ya kwanza, deni linarudi nao kwenye boti, na ligi ya wilaya inaanza wiki ijayo.

Kombe la Shirikisho limejengwa hivyohivyo. Timu mgeni hubeba nauli, malazi na chakula chake. Mwenyeji naye ana uwanja, ulinzi na maofisa wa mchezo wa kuwashughulikia. Fedha kubwa ziko makundini, na kabla ya makundi kuna raundi za mtoano ambazo kwa miaka mingi hazikulipa chochote. Namungo na Biashara waliingia kipindi hicho.

CAF ililiona tatizo. Kuanzia msimu wa 2023/24 ilianza kutoa dola 50,000 kwa klabu zinazocheza raundi za awali, na kwa msimu wa 2025/26 ikazifanya 100,000, takribani shilingi milioni 250. Huo ni msaada wa kweli. Timu inayopangiwa jirani, kwa mfano Burundi au Rwanda, inaweza kupumua. Ikipangiwa Angola na Libya mfululizo, hesabu hubadilika.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye stakabadhi. CAF hutaka uwanja uliokaguliwa na kuidhinishwa. Uwanja wa Majaliwa wa Ruangwa, Karume wa Musoma, Nyankumbu wa Geita, Mkwakwani wa Tanga: timu za viwanja hivyo zote zilihamishia mechi zao za "nyumbani" Dar es Salaam. Mwananchi wa Musoma aliyeichangia Biashara msimu mzima aliiona ikiwafunga Al Ahli Tripoli kwenye televisheni. Kiingilio kikapotea, kelele zikapotea, na timu ikalipa hoteli kwa mechi ya nyumbani.

Wakati huohuo, chakula cha kila siku cha klabu kiko kwenye ligi. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka kumi wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mgawo wa klabu moja ndogo kutoka humo si utajiri, ila huja kila msimu ambao klabu imo Ligi Kuu. Ukishuka, unakatika, na wadhamini huanza kuangalia pembeni. Klabu inayotumia mshahara wa ligi kununua tiketi za ndege za Afrika inahatarisha kipato cha miaka kwa ajili ya safari ya wiki moja.

Kikosi kilichofuzu huwa hakipo tena

Ligi huisha Mei au Juni. Dirisha la usajili hufunguliwa. Mechi za kwanza za Afrika huchezwa Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo miwili au mitatu, kila aliyeng'aa kwenye timu ndogo hupigiwa simu.

Biashara walikwenda Afrika bila Francis Baraza, kocha Mkenya aliyewajenga, ambaye alikuwa amehamia Kagera Sugar. Geita walifika nafasi ya nne kwa mabao 17 ya George Mpole, mfungaji bora wa Ligi Kuu 2021/22 mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Msimu wa Afrika haukuisha kabla Mpole hajaondoka kwenda Lupopo ya Lubumbashi. Singida Fountain Gate ndio mfano mkali zaidi: mwaka 2024 wachezaji wengi walihamia Ihefu, Ihefu ikageuka Singida Black Stars, na klabu yenyewe ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati. Mashabiki wa Singida walilala na timu moja wakaamka na nyingine.

Hapa tunahitaji kuwa waadilifu. Mchezaji wa timu ndogo anayepata mshahara mara tatu Dar es Salaam au Lubumbashi hana kosa, na klabu inayomuuza inaweza kufanya biashara nzuri. Tatizo huja anapoondoka bure kwa sababu mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, au anapouzwa na fedha kumalizikia kwenye madeni ya safari. Klabu hubaki na jina la mwakilishi wa nchi na kikosi cha kuokoteza, halafu wapinzani wa ligi huja kucheza nayo kwa hasira zote za kumfunga mwakilishi wa nchi.

Hata Ulaya yamewakuta

Ipswich Town ya Uingereza ilipanda Ligi Kuu mwaka 2000 na kumaliza ya tano msimu uliofuata. Ikaingia Kombe la UEFA, ikasajili kwa fedha nyingi, akiwemo Mnigeria Finidi George. Msimu wa 2001/02 iliifunga Inter Milan 1-0 kwao Ipswich. Msimu huohuo ikashuka daraja, na Februari 2003 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Mashabiki wa Musoma wakiisoma habari hiyo watadhani imeandikwa juu yao.

Girona ya Hispania ilimaliza ya tatu msimu wa 2023/24 na kufuzu Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa mara ya kwanza. Kabla ya kuanza, ilimpoteza mfungaji wake Artem Dovbyk, kiungo Aleix García na winga Savinho. Ikacheza mechi nane Ulaya, ikapoteza saba. Nyumbani ikamaliza ya 16, nafasi mbili juu ya eneo la kushuka. Girona walikuwa na fedha za Ulaya mkononi, na bado kuondoka kwa wachezaji watatu kuliwatikisa.

Upande wa pili kuna Bodø/Glimt, klabu ya mji mdogo kaskazini mwa Norway. Ilichukua ubingwa wa nchi kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Oktoba 2021 iliifunga Roma 6-1. Mwaka 2025 ikafika nusu fainali ya Ligi ya Europa. Hawa Ulaya imewajenga. Tofauti yao na Ipswich ni kwamba wamerudi Ulaya mwaka baada ya mwaka, kwa mtindo uleule wa uchezaji, wakiuza wachezaji na kuweka wengine mahali pao bila kununua ndoto ya msimu mmoja.

*Kwa ufupi hadi hapa:*
- Mechi chache za raundi za awali hazitoshi kuwa sababu ya timu kushuka.
- Gharama huanza Agosti. Fedha kubwa huanzia makundini, na wengi hawafiki.
- Timu inayocheza Afrika mara nyingi si ile iliyofuzu.
- Kwenda mara moja huchosha mfuko. Kwenda mfululizo hujenga klabu.

Basi kuna faida gani?

Zipo, na hazihitaji kutiwa chumvi.

Ya kwanza ni leseni. Ili kucheza Afrika, klabu lazima ikidhi masharti ya CAF: kocha mwenye cheti kinachotakiwa, daktari, ofisi, hesabu zinazokaguliwa, timu za vijana. Klabu nyingi za wilayani zilikuwa zinaendeshwa kutoka kwenye simu ya katibu. Sharti la leseni huzilazimisha kuwa taasisi, na taasisi hubaki hata msafara ukirudi umefungwa.

Ya pili ni bei. Mchezaji aliyeonekana dhidi ya Raja ana thamani kuliko aliyeonekana Ruangwa pekee. Klabu yenye mikataba mirefu huuza thamani hiyo.

Ya tatu ni pointi za nchi. Timu inayofika makundi ya Shirikisho, hata ikishika mkia, huipa nchi nusu pointi kwenye hesabu ya CAF, na hesabu hiyo huupa uzito mkubwa msimu wa karibuni. Nusu pointi ni kidogo. Lakini Namungo wanaweza kusema kwa haki kwamba wao pia walitia kokoto yao kwenye msingi wa nafasi nne.

Ya nne ni njia kwa wengine. Msimu wa 2025/26 Singida Black Stars waliingia makundi ya Shirikisho. Wao wana fedha ambazo Biashara hawakuwa nazo, na hilo nalo ni somo: mlango uko wazi kwa klabu za nje ya Kariakoo, ila unapitika kwa maandalizi.

Wakati wa kuamua ni Juni

Makosa ambayo tumeyaona hayakufanyika Libya wala Angola. Mengi yalifanyika au yangezuilika nyumbani, wiki chache baada ya ligi kuisha. Klabu ndogo iliyofuzu inahitaji kumaliza mambo matano kabla ya droo:

1. Kutenga fedha za ligi kwanza. Mishahara na safari za ligi hadi mwisho wa msimu ziwekwe kwenye akaunti ambayo safari za Afrika haziigusi.
2. Kupiga hesabu ya safari mbaya zaidi. Usipange kwa kutarajia Bujumbura. Panga kana kwamba utapewa Benghazi. Kama fedha hazipo, mdhamini, mkoa na shirikisho la soka waambiwe Juni, kwani Oktoba ni usiku wa kuamkia safari.
3. Kumkabidhi mtu mmoja jukumu la safari. Viza, vibali, chanjo na ndege viwe kazi ya mtu anayejulikana kwa jina na anayetoa taarifa kila wiki.
4. Kuongeza mikataba ya wachezaji muhimu. Atakayeondoka aondoke kwa ada, na mbadala wake awe amepatikana kabla hajafunga begi.
5. Kusajili kwa ajili ya ligi. Mchezaji anayeletwa kwa mechi mbili za Afrika hulipwa kwa miezi kumi ya ligi.

Shabiki naye ana namna ya kuipima timu yake bila kuona vitabu vya hesabu. Agosti ikifika, aangalie kikosi cha kwanza: wangapi kati ya 11 waliomaliza msimu bado wapo? Kocha ni yuleyule? Na safari ya kwanza ya ugenini, timu iliondoka siku ngapi kabla ya mechi? Timu iliyobakiza wachezaji saba au zaidi, kocha wake, na ikasafiri mapema, ina viongozi wanaojua wanachofanya. Iliyobaki na watatu na inatafuta ndege siku ya mwisho imekwisha kujibu swali lako.

Kwa hiyo, wamepata au wamepatikana? Tiketi ya Afrika inamsaidia aliyekuwa na uwezo wa kumaliza msimu salama bila tiketi hiyo. Aliyeihitaji ili imwokoe, itamzamisha. Namungo walipigwa na kila mtu kundini na wakarudi na klabu yao ikiwa nzima. Biashara hawakupigwa na yeyote. Ukisikia timu ndogo imefuzu, shangilia, kisha muulize kiongozi wake maswali mawili kabla ya kuuliza wamepangiwa nani: nani anabaki, na nani analipa nauli?